Kompyuta ya biashara inapokwama njiani: Hesabu ya sasisho lililoshindwa

WAFANYABIASHARA wa Tabora na wa miji mingine iliyopo kwenye njia ya zamani ya misafara, kuanzia Manyoni upande wa mashariki hadi Kigoma na Ujiji upande wa magharibi, wanashauriwa kutazama upya jambo moja ambalo halionekani kwenye daftari la mauzo wala kwenye orodha ya bei za mazao. Nalo ni hali ya mfumo endeshi wa kompyuta wanazotunzia hesabu zao.

Sababu ni tarehe. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa bure kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 29, 2015. Siku hiyo kompyuta hazikuzimika. Ziliendelea kuwaka, kuchapa risiti na kufungua jedwali la madeni kama kawaida. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya kila mwezi, au "apdeti" kama mafundi wanavyoyaita, yanayoziba matundu ya usalama.

Tangu hapo mwenye kompyuta ana njia nne: kuhamia Windows 11, kujiandikisha kwa masasisho ya nyongeza, kubadili mfumo kabisa, au kukaa alivyo na kubeba hatari. Njia tatu za kwanza zinapita mlango mmoja, yaani kuweka programu mpya kwenye mashine ya zamani. Hapo ndipo wengi hukwama: asilimia zinapanda hadi mahali fulani, kioo kinaganda, kompyuta inajizima na kujiwasha, kisha linatokea tangazo kwamba sasisho limeshindwa.

Makala hii inaeleza kwa nini hutokea hivyo, namna ya kulitatua tatizo kwa utaratibu, na lini ni busara kuacha kutengeneza na kutoa fedha mfukoni.

NI SUALA LA FEDHA

Tuanze na hesabu. Tuseme kompyuta iliyotumika imenunuliwa kwa Sh. 400,000. Kwa mfanyabiashara anayetunza vitabu na kulipa kodi kwa faida halisi, kompyuta ziko daraja la kwanza la mali zinazochakaa, na uchakavu wake ni asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Baada ya mwaka wa kwanza thamani ya vitabuni ni Sh. 250,000. Baada ya mwaka wa pili ni Sh. 156,250, na baada ya wa tatu ni Sh. 97,656 tu.

Sasa tazama kilichomo ndani yake: madeni ya wateja wa mkopo, idadi ya magunia yaliyopo ghalani, ankara za wauzaji wa jumla wa Mwanza na Dar es Salaam, mishahara ya vibarua. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Kwa hiyo kadiri mashine inavyoshuka thamani, mzigo iliobeba unapanda. Mfanyabiashara anayepoteza kompyuta ya Sh. 97,656 anaweza kuwa amepoteza ushahidi wa madeni ya mamilioni.

Aidha, kuna tarehe zisizosubiri. Kodi ya mishahara hutakiwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani hutakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Awamu za kodi ya mapato kwa wenye mwaka wa hesabu wa kawaida huishia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kompyuta ikigoma tarehe 19, gharama yake si ya fundi peke yake.

Kwa mkoa wa Tabora kuna na msimu. Masoko ya tumbaku huja baada ya mvua kwisha, na mpunga, mahindi, karanga na alizeti navyo vina miezi yake. Karani wa chama cha msingi ambaye kompyuta yake imekwama siku ya masoko anawachelewesha wakulima waliokwisha kupakia mizigo.

SASISHO HUSAFIRI VIPI

Mtu wa Tabora ana mfano wa kumsaidia kuelewa jambo hili. Karne ya 19 mji huu, pamoja na vitongoji vyake vya Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha biashara kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walifika Kaze Novemba 7, 1857 baada ya siku 134 kutoka pwani. Hapa misafara ilipumzika, mizigo ikafunguliwa, ikahesabiwa na kufungwa upya, wapagazi wengine wakaondoka na wengine wakaajiriwa kwa safari ya Ujiji.

Sasisho nalo lina vituo vyake. Kwanza kompyuta huuliza makao makuu kuna nini kipya. Pili hupakua mzigo kupitia intaneti. Tatu huufungua na kuukagua kama umefika mzima. Nne hujizima na kujiwasha, ikibadilisha mafaili yale ambayo haiwezi kuyagusa wakati unafanya kazi. Mwisho hupanga upya mipangilio na kukurudishia kioo chako.

Mzigo ukiharibika kwenye kituo cha pili au cha tatu, hasara ni ndogo: muda na bando. Ukiharibika kwenye kituo cha nne, mfumo wenyewe hujaribu kurudisha mafaili ya zamani mahali pake. Wakati huo kioo huandika kwamba mabadiliko yanaondolewa na kompyuta isizimwe. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima au zaidi kwenye diski ya zamani inayozunguka. Watu wengi huua kompyuta zao hapo hapo, kwa kukosa subira na kubonyeza kitufe cha kuzima. Maadamu taa ya diski inawakawaka, iache ifanye kazi yake.

SABABU ZA KUSHINDWA

Nafasi kwenye diski. Hii ndiyo ya kwanza kuangalia kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote. Sasisho kubwa linahitaji nafasi ya kufungulia mzigo, na kwa Windows 10 ni vyema kuwa na gigabaiti 20 tupu. Kompyuta ya stesheneri yenye diski ya gigabaiti 128, iliyojaa picha za pasipoti na video za harusi za wateja, haina nafasi hiyo.

Umeme. Ukikatika katikati ya kituo cha nne, mafaili hubaki nusu mapya na nusu ya zamani. Kabla ya kuanza angalia uniti za Luku, kwa maana kuna umeme unaokatwa na mtambo na kuna umeme unaoisha kwa mwenye nyumba kusahau. Kompyuta ya mkononi yenye betri iliyokufa ni sawa na ya mezani. UPS ndogo ya dukani hutoa dakika chache za kuzima kwa usalama. Haikupi muda wa kumaliza sasisho. Hali kadhalika, kati ya Novemba na Aprili radi za mchana huko Tabora ni nyingi, na haifai kuanza kazi hii mawingu yakiwa yamefunga.

Mtandao. Bando likiisha njiani, mzigo hufika nusu. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikawa dhaifu kwa siku kadhaa katika nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Aidha, kompyuta iliyounganishwa kwa simu huweza kuwa imewekwa kwenye hali ya kubana matumizi ya data, na ikawa hivyo inaacha kupakua bila kusema.

Saa na tarehe. Kompyuta ya zamani ina betri ndogo ya mviringo kwenye bodi yake, aina ya CR2032. Ikifa, kila unapochomoa mashine kwenye umeme tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Mawasiliano na makao makuu hukaguliwa kwa hati za usalama zenye tarehe, hivyo kompyuta inayodhani iko mwaka 2009 hukataliwa mlangoni. Watu wamepiga Windows upya mara tatu kwa tatizo linalokwisha kwa kubadilisha betri hiyo ndogo.

Vifaa na programu za nje. Programu ya kuua virusi ya kampuni nyingine, dereva la printa la zamani, au flashi iliyosahauliwa kwenye tundu. Mei 2019 Microsoft wenyewe walizuia sasisho kubwa la Windows 10 kwa kompyuta zenye flashi au kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa, kwa kuwa herufi za diski zilikuwa zinabadilika wakati wa kusasisha.

Windows isiyo na leseni. Mara nyingi aliyeiweka alizima huduma ya masasisho makusudi ili ujanja wake usigundulike. Mwenye duka hujaribu kusasisha kitu kilichofungwa kwa kufuli asiloliona.

Diski inayokufa. Masasisho yanayoshindwa mara kwa mara kwa sababu tofauti tofauti, kompyuta inayochukua robo saa kuwaka, mafaili yanayogoma kufunguka: hizo ni dalili za diski mbovu. Ukiziona, acha kila kitu. Nakili kumbukumbu zako kwanza, kisha ndipo uzungumzie sasisho.

NAMBA ZA KIOONI NA MAANA YAKE

Sasisho likishindwa hutoa namba inayoanza na sifuri na herufi x. Iandike kwenye karatasi au uipige picha kwa simu kabla ya kufunga dirisha. Baadhi ya zile zinazoonekana mara kwa mara ni hizi:

0x80070070: diski haina nafasi ya kutosha.

0x80072F8F: tarehe na saa si sahihi, au hati za usalama haziafikiani.

0x80072EE2: mtandao umechelewa kujibu; jaribu tena, au badili laini.

0x80073712: faili katika ghala la ndani la mfumo limeharibika au halipo.

0x800F0922: sehemu ya diski iliyotengwa kwa mfumo imejaa, au kompyuta imeshindwa kufika makao makuu.

0xC1900101: dereva la kifaa fulani limekwamisha safari, na mfumo umerudi ulikotoka.

0x80070643: kusakinisha kumeshindwa. Namba hii ilisumbua watu wengi duniani Januari 2024, pale sasisho la Windows 10 lililoitwa KB5034441 lilipohitaji megabaiti 250 tupu kwenye sehemu ya diski ya uokoaji, ambayo kwenye kompyuta nyingi ilikuwa ndogo. Mashine zilikuwa nzima. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko ghala.

HATUA KWA HATUA

Utaratibu mzuri ni kuanza na kisichogharimu kitu na kumalizia na kinachogharimu. Mafundi wengi hufanya kinyume chake.

Kwanza, nakili kumbukumbu. Weka nakala moja kwenye flashi au diski ya nje, na nyingine mahali pengine kabisa, iwe kwenye akaunti ya mtandaoni au nyumbani. Kisha fungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni sawa na stakabadhi ya ghala ambalo hujalikagua.

Pili, zima kompyuta kwa njia ya kawaida, uiwashe tena na ujaribu upya. Masasisho mengi hushindwa kwa kuwa lililotangulia lilikuwa linasubiri kuwashwa upya.

Tatu, angalia tarehe, nafasi ya diski na mtandao. Chomoa flashi, printa na kila kisichohitajika. Safisha diski kwa kifaa cha Windows chenyewe, kinachoitwa Disk Cleanup. Utakuta huenda folda ya Windows.old bado ipo. Hiyo ni nakala ya mfumo uliopita, ambayo kwa kawaida hufutwa yenyewe baada ya siku 10. Ukiifuta mapema unapata nafasi, lakini unapoteza njia ya kurudi.

Nne, endesha kitatuzi cha matatizo cha Windows Update kilichomo kwenye mipangilio. Kisipofaa, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike amri mbili, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, hutengeneza ghala la ndani la mfumo na huhitaji intaneti. Ya pili, sfc /scannow, hukagua mafaili ya mfumo na kubadilisha yaliyoharibika. Kila moja inaweza kuchukua nusu saa au zaidi.

Tano, safisha mzigo ulioharibika. Masasisho yaliyopakuliwa hukaa ndani ya folda iitwayo SoftwareDistribution, iliyomo katika folda ya Windows. Simamisha huduma ya masasisho, ipe folda hiyo jina jingine, kisha iwashe huduma tena. Kompyuta itatengeneza folda mpya na kupakua upya. Andaa bando, kwa kuwa sasisho la mwezi linaweza kuwa mamia ya megabaiti na hata kuzidi gigabaiti.

Wenye kompyuta mbili au tatu ofisini wanaweza kuokoa fedha hapo. Windows ina mpangilio wa kugawana masasisho, Delivery Optimization, unaoruhusu kompyuta moja ipakue na nyingine zichukue kutoka kwake kupitia mtandao wa ndani.

NJIA IKIFUNGWA, ZUNGUKA

Mwaka 1871 vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilifunga njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji. Stanley, aliyefika Tabora Juni mwaka huo, alishindwa kupita, hivyo akazunguka kwa kusini na kufika Ujiji Novemba.

Sasisho nalo lina njia ya kuzunguka. Microsoft wana katalogi ya masasisho mtandaoni ambayo mtu huweza kutafuta kwa namba ya KB, akapakua faili penye intaneti nzuri, akalibeba kwa flashi na kulisakinisha kwa mkono. Kwa karani wa Kaliua, Urambo au Sikonge hii ni njia ya kweli: mzigo unapakuliwa mjini mara moja na kutumika kwenye mashine zote za aina moja. Muhimu ni kulinganisha toleo la Windows na aina ya prosesa kabla ya kupakua.

Njia ya pili ni kutengeneza mfumo juu kwa juu. Unapakua faili zima la Windows kutoka Microsoft, unalifungua ukiwa ndani ya Windows ile ile, na unachagua kubakiza mafaili na programu. Mfumo hujengwa upya chini huku hesabu zako zikibaki juu. Hii hutibu mengi yaliyoshindikana kwa amri, na ingefaa ijaribiwe kabla ya mtu yeyote kutamka neno "kupiga Windows".

ISIPOWAKA KABISA

Kompyuta ikikatizwa mara tatu mfululizo wakati wa kuwaka, Windows huonyesha yenyewe ukurasa wa uokoaji. Humo kuna chaguo la kutengeneza uwakaji, la kuondoa sasisho la mwisho, la kurudisha mfumo katika tarehe ya nyuma, na la kuwasha kwa hali salama, ambapo ni huduma za lazima tu zinazopakiwa. Kwa tatizo lililoanza baada ya sasisho, anza na kuondoa sasisho la mwisho.

Ukurasa huo usipotokea, tengeneza flashi ya kuwashia kwenye kompyuta nyingine kwa programu ya Microsoft ya kazi hiyo. Inahitajika flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, na kila kilichomo kitafutwa.

Hapa kuna tahadhari ya pekee. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa BitLocker, na baada ya sasisho baya huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, mafaili yako hayafunguki hata kwa fundi bora. Kwa kawaida ufunguo huo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiandaa kompyuta mara ya kwanza, na mtu huyo anaweza kuwa muuzaji wa duka. Utafute leo, uuandike, uuweke pamoja na hati za biashara.

Ukifika kwa fundi, uliza maswali matatu kabla ya kuacha mashine. Je, utanakili kumbukumbu zangu kabla ya kugusa chochote? Utaweka Windows yenye leseni? Masasisho yatakuwa yamewashwa nitakapoichukua? Kupiga Windows kwa kufuta diski ni rahisi kwa fundi na huonekana kama tiba, lakini kama chanzo kilikuwa betri ya saa au diski inayokufa, mteja atarudi mwezi ujao, safari hii bila hesabu zake.

KUSASISHA AU KUZIMA KABISA?

Baada ya kusoma yote haya wapo watakaosema bora kuzima masasisho. Hoja hiyo ipimwe kwa pande zote mbili.

Upande mmoja kuna WannaCry. Machi 14, 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu fulani. Mei 12 mwaka huo virusi vinavyopita kwenye tundu hilo hilo viliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, vikafunga mafaili na kudai dola 300 kwa kuanzia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Waliokuwa wamesasisha mashine zao walikuwa wamepata miezi miwili ya kujikinga.

Upande mwingine kuna sasisho kubwa la Windows 10 la Oktoba 2018, ambalo lilitoka Oktoba 2 na kusimamishwa siku chache baadaye kwa sababu lilifuta mafaili ya baadhi ya watu. Lilirudi Novemba 13. Na Julai 19, 2024 faili baya la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, mashirika ya ndege yakiwemo. Faili hilo lilikuwa njiani kwa dakika 78 tu, saa 1:09 hadi saa 2:27 asubuhi kwa saa za hapa. Kompyuta zilizokuwa zimezimwa kwa muda huo hazikudhurika.

Funzo la kibiashara ni wazi. Anayekataa masasisho anapata hasara kubwa siku asiyoijua. Anayeyachukua dakika ile ile yanapotoka anajitolea kuwa mjaribiwa. Faida iko katikati: chukua, lakini subiri siku chache wengine watangulie.

KALENDA YA MWENYE DUKA

Microsoft hutoa masasisho yake makuu Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwa Tanzania ni kati ya saa 2 na saa 3 usiku. Jumanne hiyo huangukia kati ya tarehe 8 na 14, yaani baada ya siku saba za kodi ya mishahara na kabla ya tarehe 20 ya ongezeko la thamani.

Hivyo ratiba inayofaa ni hii. Ahirisha masasisho kwa siku saba. Windows 10 na 11 zote zina kitufe cha kuahirisha. Ijumaa jioni nakili kumbukumbu. Jumamosi baada ya kufunga duka, Luku ikiwa na uniti na anga ikiwa safi, sasisha. Ikiwa Jumamosi hiyo imeangukia tarehe 16 au zaidi, wasilisha ritani kwanza, kisha sasisha baada ya tarehe 20. Sasisho kubwa la mwaka, na hasa kuhamia Windows 11, lisifanyike msimu wa masoko hata kidogo.

KUTENGENEZA, KUNUNUA AU KUBADILI

Windows 11 inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 au kipya zaidi. Kompyuta zilizotumika za kizazi cha 4 hadi cha 7 hazifuzu, hata kama ni imara. Kwa hizo, sasisho la kuhamia Windows 11 linapokataa, haina maana kulipia fundi alitafutie dawa. Zipo njia za kuilazimisha, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuzihudumia mashine za namna hiyo.

Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza masasisho ya nyongeza kwa watumiaji binafsi wa Windows 10, ya usalama tu, hadi Oktoba 13, 2026. Gharama ilitajwa kuwa dola 30, au bila malipo kwa anayeunganisha mipangilio ya kompyuta na akaunti ya Microsoft. Sharti ni kuwa na toleo la 22H2, na kwa aliyekwama kwenye toleo la nyuma, kutengeneza masasisho yake ndiyo tiketi ya kuingilia. Kwa mashirika bei ya mwaka wa kwanza ilipangwa dola 61 kwa kompyuta, ikiongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Ni dhahiri kwamba huo ni muda wa kujipanga, na si makazi ya kudumu.

Njia ya Linux ni ya bure na huendesha vizuri mashine za zamani. Anayetumia kompyuta kwa barua, jedwali na mifumo ya serikali ya mtandaoni anaweza kuifikiria. Anayetegemea programu ya hesabu au ya risiti za kielektroniki iliyotengenezwa kwa Windows aulize kwanza kwa muuzaji wa programu hiyo.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kununua shehena ya kompyuta zilizotumika na kuziuza Tabora, Nzega au Kigoma, hapa ndipo penye hesabu ya kuangaliwa. Mashine isiyofuzu Windows 11 hununuliwa kwa bei ya chini kwa sababu, na sababu hiyo itakuja dukani kwako mkononi mwa mteja mwenye malalamiko. Kabla ya kulipa, uliza kizazi cha prosesa, uwepo wa TPM 2.0 na uhalali wa leseni, kama unavyouliza unyevu wa mahindi kabla ya kupima gunia.

Ushauri wa wiki hii ni mfupi: nakili kumbukumbu kabla ya Jumamosi, angalia kama tarehe ya kompyuta ni sahihi, na utafute ufunguo wa BitLocker ulipo. Mambo hayo matatu hayahitaji fundi, na yote yanaweza kumalizika kabla ya kufunga duka leo jioni.